IDE, SCSI, SATA, USB na FireWire: kugeuza kasi kuwa dakika kabla ya kuchagua njia ya kunakili diski ya zamani

Anayeifungua kompyuta ya mezani iliyokaa stoo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, akitaka kuokoa hesabu za ofisi, picha au barua zilizomo, hukuta njia zaidi ya moja ya kuzitoa. Diski inaweza kuachwa palepale kwenye kebo yake bapa ya IDE na kunakiliwa kwenye diski ya pili. Inaweza kung'olewa na kuvishwa adapta ya USB. Na kama mashine inayopokea ni ya Apple ya zama hizo, huenda ina tundu la FireWire. Kila njia imeandikwa namba yake: 100, 480, 400, na kwa SATA ya mwanzo (kebo nyembamba iliyoirithi IDE) 1.5. Namba hizo hazikupimwa kwa kibaba kimoja. Ya kwanza ni megabaiti, ya pili na ya tatu ni megabiti, na ya nne ni gigabiti ambazo sehemu yake ya tano haibebi data hata kidogo. Anayezilinganisha jinsi zilivyoandikwa ataamini kwamba USB inaizidi IDE karibu mara tano, jambo ambalo si kweli.

Hapa chini kasi zote zimegeuzwa kuwa megabaiti kwa sekunde, kisha zikageuzwa kuwa dakika, maana dakika ndizo mtu anazozisubiri. Kipimo cha kulinganishia ni diski moja ya IDE iliyokuwa ya kawaida sana katika kompyuta za ofisini na za mitumba, ile iliyouzwa kuwa ya gigabaiti 80. Ina sekta 156,301,488, kila sekta ina baiti 512, na jumla yake ni baiti 80,026,361,856. Namba hiyo ndefu ndiyo itakayogawanywa kwa kila kasi.

Kuziweka namba katika kipimo kimoja

Kosa linalofanyika mara nyingi zaidi ni la kuchanganya biti na baiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 480 kwa sekunde ni megabaiti 60 kwa sekunde. Violesura, yaani njia za kuunganisha vifaa na kompyuta, vinavyopeleka biti mojamoja kwa kufuatana, kama USB, FireWire na SATA, kwa desturi hutajwa kwa biti. Vile vinavyopeleka biti nyingi kwa pamoja juu ya nyaya nyingi, kama IDE na SCSI ya zamani (ile ya diski za seva), hutajwa kwa baiti. Katika maandishi ya kifundi b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti, lakini kwenye maboksi ya dukani herufi hizo huandikwa apendavyo mchapaji, kwa hiyo ni salama zaidi kuikumbuka desturi ya kiolesura kuliko kuiamini herufi.

Kosa la pili ni dogo kwa ukubwa lakini huzua ubishi mrefu. Kasi za violesura hutajwa kwa mafungu ya 1,000, wakati Windows huhesabu ukubwa wa faili na diski kwa mafungu ya 1,024. Ndiyo maana diski yetu ya gigabaiti 80 huonekana kwenye Windows kuwa na gigabaiti 74.5, na mwenye nayo akadhani ameibiwa. Kompyuta za Apple ziliacha hesabu hiyo mwaka 2009 kwa toleo la Mac OS X 10.6 na tangu hapo huonyesha 80. Ili kuigeuza kasi ya mtengenezaji iwe ile itakayoonekana kwenye programu inayohesabu kwa 1,024, gawanya kwa 1.048576. Megabaiti 100 zinakuwa 95.4, na 33.3 zinakuwa 31.8. Tofauti ni chini ya asilimia 5, na kwa uchaguzi wa njia inaweza kupuuzwa, mradi mtu asije akaikuta na kuitafutia sababu nyingine. Walioifanya hesabu hii kuwa chakula cha mchanganyiko ni watengenezaji wa disketi: ile disketi ya "megabaiti 1.44" ina baiti 1,474,560, yaani 1,440 mara 1,024, ambayo si megabaiti 1.44 kwa hesabu ya 1,000 wala kwa hesabu ya 1,024.

Kosa la tatu ndilo linalowanasa hata mafundi. Baadhi ya violesura huvisha kila baiti ya biti 8 vazi la biti 10 kabla ya kuituma, ili ishara kwenye waya zisikae upande mmoja kwa muda mrefu na mpokeaji asipoteze mapigo ya saa. SATA hufanya hivyo. Gigabiti 1.5 kwa sekunde zikigawanywa kwa 8 hutoa megabaiti 187.5, namba inayopendeza lakini isiyokuwepo. Zigawanywe kwa 10, zitoe 150. SATA ya gigabiti 3 ni megabaiti 300 kwa njia hiyohiyo. Kanuni ya kugawanya kwa 10, hata hivyo, haihusu USB 2.0 wala FireWire 400, ambazo hazina vazi la namna hiyo na hugawanywa kwa 8.

IDE: kasi inayosomwa kutoka kwenye mapigo

Kebo ya IDE hubeba baiti mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi yake hupatikana kwa kugawanya baiti mbili kwa urefu wa pigo moja. Katika hali iitwayo PIO 0, ambapo kichakataji chenyewe hubeba data, pigo lilichukua nanosekunde 600, na baiti mbili kwa nanosekunde 600 ni megabaiti 3.3 kwa sekunde. PIO 4 ilifupisha pigo hadi nanosekunde 120, ikafikia 16.7. Ultra DMA, ambayo hupeleka data kwenye kumbukumbu bila kupitia kichakataji, katika hali ya 2 ilibaki na pigo la nanosekunde 120, ila ilipeleka baiti mbili kwenye kila ukingo wa pigo, wa kupanda na wa kushuka, ndipo ikapata 33.3. Hali ya 4, yenye pigo la 60, ni 66.7, hali ya 5, yenye pigo la 40, ni 100, na hali ya 6, yenye pigo la 30, ni 133. Anayejua hesabu hii hahitaji kukariri jedwali.

Kuanzia hali ya 3 ya Ultra DMA kebo ya nyaya 40 haitoshi, bali inatakiwa ile ya nyaya 80 ambayo viunganishi vyake bado vina pini 40. Nyaya 40 za ziada ni za ardhi, zilizopitishwa katikati ili ishara za waya mmoja zisiuvamie waya wa jirani. Kebo hii hutambulikana kwa wembamba wa nyaya zake na kwa viunganishi vya rangi tatu, wa buluu ukienda kwenye bodi mama. Diski ya megabaiti 100 ikifungwa kwa kebo ya zamani hushuka kimyakimya hadi 33.3, na diski yetu ya gigabaiti 80 inahitaji walau dakika 40 badala ya dakika 13 na sekunde 20.

Lakini hizo dakika 13 ni za karatasini tu. Sahani za diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na kichwa husoma kile tu kinachopita chini yake. Tuseme mstari wa nje kabisa wa sahani una sekta 900: hizo ni baiti 460,800 kwa mzunguko, au megabaiti 55.3 kwa sekunde. Mstari wa ndani ni mfupi, na ukiwa na sekta 500 hutoa 30.7. Wastani wa diski za wakati huo ukichukuliwa kuwa megabaiti 45, kuinakili yote kunachukua dakika 30, iwe kebo imeandikwa 100, 133 au namba yoyote iliyo juu zaidi. Kutafuta kadi ya IDE ya hali ya 6 ili kuisoma diski hii ni kupanua mdomo wa chupa ambayo maji yake yanatoka kwenye bomba jembamba.

PIO, kwa upande mwingine, ni balaa inayostahili kuangaliwa kabla ya kazi kuanza. Windows XP hushusha hali ya diski hatua kwa hatua kila makosa ya mawasiliano yanapofikia sita, na mwisho wake ni PIO, ambako kichakataji chenyewe hulazimika kubeba kila neno la data. Kwa PIO 4 dakika 30 zinageuka kuwa zaidi ya 80, na mashine inakuwa nzito kiasi kwamba kipanya huvutwa kwa shida. Hali inayotumika husomwa kwenye orodha ya vifaa, chini ya kidhibiti cha IDE, na dawa yake ya kawaida ni kukifuta kidhibiti hicho kwenye orodha na kuiwasha mashine upya ili kitambuliwe tena.

USB na FireWire: 480 iliyo ndogo kuliko 400

Hapa ndipo uchaguzi ulipo kweli, kwa kuwa wengi watang'oa diski na kuipeleka kwenye kompyuta mpya kuliko kupambana na mashine ya zamani.

USB 1.1 ya mwaka 1998 ina megabiti 12 kwa sekunde. Kwa kugawanya kwa 8 tunapata megabaiti 1.5, lakini sheria za USB zinaruhusu vifurushi 19 tu vya data vya baiti 64 katika kila milisekunde, sawa na baiti 1,216,000 kwa sekunde. Diski yetu ikipitia hapo itachukua zaidi ya saa 18 na dakika 16, na hiyo ni kama kila kifurushi kimejaa. Mahali ambapo umeme hukatika, kazi ya saa 18 ni kazi ambayo pengine haitaisha. Nimewahi kuiona ofisi moja ikiacha kunakili usiku kucha kwa adapta mpya kabisa iliyochomekwa kwenye tundu la zamani la nyuma ya mashine, na asubuhi umeme ulikuwa umekwisha katika betri ya akiba huku mstari wa maendeleo ukiwa haujafika hata nusu. Adapta haikuwa na kosa. Tundu ndilo lililokuwa la 1.1.

USB 2.0 ilitoka mwaka 2000 na megabiti 480. Megabaiti 60 za hesabu hupungua hadi 53.2 kwa sababu kila sehemu ya nane ya milisekunde hubeba vifurushi visivyozidi 13 vya baiti 512. Kiwango hicho nacho hakifikiwi kwa urahisi: kompyuta ndiyo inayouliza na diski hujibu tu ikiulizwa, na saketi ndogo ndani ya adapta inapaswa kutafsiri kila ombi kutoka lugha ya USB kwenda ya IDE. Kwa kawaida mtu hupata megabaiti 30 hadi 35. Tukichukua 33, diski ya gigabaiti 80 inachukua dakika 40, dakika 10 tu zaidi ya kuiacha kwenye kebo yake ya IDE.

Kuna mtego mmoja wa maneno. Viwango vya USB 2.0 vilizimeza pia kasi za zamani, kwa hiyo kifaa cha megabiti 12 kinaweza kuuzwa kwa haki kikiwa na maandishi "USB 2.0 Full Speed". Maneno yanayomaanisha 480 ni "Hi-Speed". Kwa mnunuzi asiyejua, "Full" inasikika kuwa kubwa kuliko "Hi", kumbe ni ndogo mara 40.

FireWire 400 hutajwa kwa megabiti 400, ingawa namba yake halisi ni 393.216, ambazo ni megabaiti 49.152 kwa sekunde. Kwa karatasi imeshindwa na USB 2.0. Kwenye meza hali ni kinyume: diski ya FireWire inaweza kuandika moja kwa moja katika kumbukumbu ya kompyuta bila kuulizwa kila mara, na sehemu kubwa zaidi ya kasi yake hutumika kubeba data. Kwa megabaiti 38 kwa sekunde, ambazo ni za kawaida kwake, diski yetu humalizika kwa dakika 35. FireWire 800 ina megabiti 786.432, ikitoa megabaiti 98.3, na hapo diski yenyewe ndiyo inayokuwa kikomo. Muda unarudi kwenye dakika 30 zilezile za IDE.

Je, dakika 5 za FireWire 400 zinastahili gharama? Kwa mwenye Mac yenye tundu hilo na sanduku la diski la FireWire tayari, ndiyo, wala hakuna cha kufikiri. Kwa anayetakiwa kununua kadi, sanduku na kebo kwa ajili ya diski moja au mbili, hapana. Adapta ya USB 2.0 ni rahisi, huuzwa kila mahali, na zile zenye viunganishi vya IDE kubwa, IDE ya kompyuta mpakato na SATA kwa pamoja humwondolea mtu shida tatu kwa mkupuo. Adapta ya USB 3.0 ni bora zaidi kama tundu lake lipo: gigabiti 5 zigawanywe kwa 10, kwa kuwa nayo huvaa lile vazi la biti 10, zinatoa megabaiti 500, na diski yoyote ya IDE itafikia mwisho wa pumzi yake kabla ya adapta kuhisi chochote.

SCSI

Diski za seva za zamani huleta hesabu ya namna yake, ambayo kwa bahati nzuri ni rahisi: upana kwa baiti, mara megahezi, na mara mbili tena ikiwa kiolesura kinatumia kingo zote mbili za pigo. SCSI ya mwanzo ya 1986 ilikuwa na upana wa baiti moja na megahezi 5, kwa hiyo megabaiti 5. Fast, toleo lililofuata, ni 10. Fast Wide, yenye baiti mbili, ni 20. Ultra Wide ni 40, Ultra2 Wide ni 80. Ultra160 ni baiti mbili mara megahezi 40 mara kingo mbili, na Ultra320 inapandisha megahezi hadi 80.

Namba hizo ni za waya mzima, ambao vifaa vyake vyote hugawana. Tena kifaa kimoja cha mtindo wa zamani wa ishara, kikiunganishwa katika mnyororo wa Ultra160, huushusha mnyororo wote hadi megabaiti 40 au chini zaidi. Na kadi ya Ultra320 ikichomekwa kwenye tundu la kawaida la PCI, lenye upana wa baiti 4 na megahezi 33.3, haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 133 hata diski zikiwa kumi na nne.

Kwa hiyo anayetaka kutoa data kwenye diski moja ya SCSI ya gigabaiti 36 asihangaike kutafuta kadi ya daraja la juu. Kwa Fast Wide ya megabaiti 20 kazi inakwisha kwa nusu saa. Kwa Ultra160, diski ikitoa megabaiti 50, inakwisha kwa dakika 12. Akiba ni dakika 18, na muda huo huliwa wote na kutafuta kizimio sahihi cha mwisho wa waya. Kilicho muhimu ni kadi ikubaliane na kiunganishi cha diski, kiwe cha pini 50, 68 au 80, na isiwe ya aina ya HVD (ishara za volti ya juu) iwapo diski si ya aina hiyo, maana kuzichanganya kunaweza kuunguza saketi.

SATA, kwa ufupi

Mwenye diski ya SATA hana mengi ya kuchagua. Megabaiti 150 za SATA ya kwanza tayari zilizidi uwezo wa sahani za wakati wake, kwa hiyo diski ya gigabaiti 250 inayotoa wastani wa megabaiti 60 itasomwa kwa dakika 70 hivi, bodi mama ikiwa ya gigabiti 1.5 au ya 3. Tofauti inatokea ikipitishwa USB 2.0, ambako inahitaji saa 2 na dakika 6. Ifungwe moja kwa moja ndani ya kompyuta ya mezani ikiwezekana.

Pale ambapo kasi si hoja

Diski ndogo za miaka ya 1990 hufuta karibu tofauti zote zilizotajwa. Diski ya gigabaiti 4.3 inayotoa megabaiti 8 kwa sekunde huisha kwa dakika 9 kwa USB 2.0, kwa FireWire au kwa IDE yenyewe, na ni USB 1.1 pekee inayoivuta hadi karibu saa moja. Disketi ziko mbali zaidi: mizunguko 5 kwa sekunde, sekta 18 kwa mstari, ni baiti 46,080 kwa sekunde, na disketi nzima haiwezi kusomwa chini ya sekunde 32 hata kisomaji chake kikiwa cha USB ya aina yoyote.

Ukubwa pia unaweza kuamua njia kuliko kasi. Bodi mama zilizotengenezwa kabla ya anwani za biti 48 kuenea hazioni zaidi ya gigabaiti 137 za diski ya IDE, kwa kuwa anwani za biti 28 huishia kwenye sekta 268,435,456. Diski ya gigabaiti 160 ikiwekwa humo itaonekana pungufu, na kuiandikia katika hali hiyo kunaweza kuharibu kilichomo. Hapo adapta ya USB ni njia sahihi ijapokuwa ya polepole.

Hali inageuka kwa diski iliyoanza kugonga au kurudia kusoma sehemu moja. Adapta nyingi za USB hazipitishi taarifa kamili za kosa, na baadhi hujikata kabisa diski inapochelewa kujibu, hivyo kazi huanza upya kutoka mwanzo na kichwa kilichochoka huzungushwa tena juu ya sehemu ileile mbovu. Diski ya namna hiyo ifungwe kwenye IDE ya moja kwa moja hata kama ni ya megabaiti 33.3, itumike programu inayoruka sekta mbovu na kuzirudia mwishoni, na nakala iende kwenye diski nyingine iliyo kwenye kebo yake ya pekee, kwa sababu diski mbili zinazoshiriki kebo moja ya IDE haziwezi kuzungumza kwa wakati mmoja.